Birika la Mzee Rahmin

Jumapili, tarehe 14 Januari 2007, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika sinagogi dogo la mtaa wa Wabukhara, Yerusalemu, walikuwamo wanaume kumi na mmoja. Hakuna aliyewahesabu kwa kidole, maana kwetu Wayahudi watu hawahesabiwi hivyo. Yitamari, msimamizi, alitamka aya yenye maneno kumi, neno moja kwa kila kichwa, maana sala ya pamoja hudai wanaume kumi, na kichwa kimoja kikazidi.

Miongoni mwao alikuwamo Rahmin, Mlawi, yaani mtu wa ukoo wa Lawi, mwenye miaka themanini na mmoja. Alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini na minne, akastaafu, na wanawe wakamsihi akae kitako ale pensheni yake. Aliwakubalia yote isipokuwa moja: kila asubuhi, kabla makuhani hawajasimama kuwabariki watu, ni yeye aliyewamiminia maji mikononi, kama Walawi wafanyavyo tangu kale. Nikiacha hilo, alimwambia mkewe Zulai, sitakuwa na sababu ya kutafuta viatu vyangu alfajiri.

Asubuhi hiyo mkono ulimtetemeka, na nusu ya maji ikaishia kwenye soksi za Hizkiya, mmoja wa makuhani wawili waliokuwapo, aliyekuwa amekwisha vua viatu kama ilivyo desturi.

"Fundi bomba mzima," alisema Hizkiya, "leo unavuja mwenyewe."

Watu walicheka. Yitamari hakucheka. Sala ilipokwisha alimsogelea Rahmin.

"Mzee wangu, usione vibaya. Torati yenyewe inampumzisha Mlawi afikapo miaka hamsini, nawe umeipita kwa thelathini na mmoja. Kuanzia kesho birika atashika Elazari."

Elazari, Mlawi wa pili, baba wa watoto wanne, aliinamisha macho kana kwamba yeye ndiye aliyemwaga.

Rahmin alilifuta birika kwa taulo, taratibu, ndani na nje, kisha akasema, "Umesoma mstari mmoja, mwanangu. Soma na unaofuata."

Yitamari alifungua kitabu, akasoma: Mlawi huyo hatafanya tena kazi ile nzito, lakini atahudumu pamoja na ndugu zake.

"Haya. Birika ni kazi nzito?"

"Likijaa, kwako ni nzito."

"Basi alibebe Elazari. Mimi nitahudumu pamoja naye."

Yitamari aliusoma tena mstari ule kimoyomoyo, akakifunga kitabu na kukubali.

Hizkiya, aliyekuwa amekaa benchini, alitoa soksi kavu mfukoni mwa koti. "Hizi nazibeba tangu Pasaka ya mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Mbona hukuniambia, bwana wewe?"

"Ningekwambia ungeacha. Nani angenichekesha saa hizi za baridi?"

Jumatatu, Elazari alilishika birika kwa chini, Rahmin akaweka kiganja juu ya mkono wake.

"Polepole, mwanangu. Maji hayasukumwi, hufunguliwa njia. Hapo. Sasa inua."

Maji yaliteremka laini hadi vifundo vya mikono ya Hizkiya. Tone moja tu lilipotea, likatua juu ya kiatu cha Elazari.

"Sasa wanavuja wawili," alisema Hizkiya, akaenda kubariki watu huku bega likimcheza kwa kicheko.

Waliobaki kazini siku hiyo: makuhani wawili, Walawi wawili, birika moja. Soksi za akiba zilibaki mfukoni.