Jino la Juu la Zuhura

Mkasa huu ulinigharimu jogoo mmoja mweusi, doti moja ya kaniki, pishi tatu za mchele mzuri na uso wote niliokuwa nao hapa Ngamiani, na nikisema uso nina maana hata kunyoa ndevu naona haya kujitazama kwenye kioo. Nawasimulia ninyi kwa sababu mmenizoea, na kwa sababu mwisho wake nina neno nataka kuwauliza.

Mnajua mimi ni muuza mchele. Nitilieni punje moja kiganjani, nitawaambia umetoka Korogwe au Mombo, na aliyekuuzieni amewapunja kiasi gani. Kila kitu nahesabu mara mbili. Sasa mwanangu Zuhura alipofika miezi mitano na siku kumi kwa kalenda ya dukani (mitano na nusu kwa mwezi mwandamo), ukazuka ubishi wa lini aanze kula. Jirani yetu alisema mwezi wa tatu ulikuwa unatosha, tumemchelewesha. Mama mkwe wangu wa Moa alileta salamu kwamba asionje kitu hata mwezi wa nane, mpaka yaonekane meno mawili ya chini, maana mwana akilishwa kabla ya siku zake meno humjia kinyume, yakatangulia ya juu. Mke wangu Mwanaisha yeye alisema, "Mwana ataniambia mwenyewe." Mimi nikaona hii ni bei kama bei nyingine, huyu tatu, yule nane, kata katikati: mitano na nusu. Yaani siku ileile!

Basi Mwanaisha alikwenda bombani kuteka maji, jua limekaribia utosini, mtaa kimya, na mimi nakula wali wa nazi uliobaki jana, Zuhura mapajani. Yule mtoto alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama mkono wangu, unavyoshuka sahanini na unavyopanda, wala hapepesi, kama mtu mzima anayedai. Nikajiona nina deni. Nikauponda wali kwa vidole, nikampa vitonge vitatu. Vitatu, nimehesabu. Akameza, akacheka, akalala palepale. Nikaosha sahani (jambo ambalo peke yake lingetosha kunifichua), nikarudi dukani.

Kumbe mkwe wangu alikuwa njiani. Nilipofika nyumbani baada ya adhuhuri nikakuta mlangoni mitalawanda mingi, vile viatu vya mti, wanawake wamekuja kumpokea mgeni. Nikahesabu: jozi kumi na mbili. Lakini ndani hamkuwa na sauti. Wanawake hao wote, na hata kikombe hakigongani na sahani! Nikachungulia. Zuhura alikuwa peke yake katikati ya mkeka, macho wazi, na wote wamejibana ukutani. Ukiacha mkwe na Mwanaisha, walikuwa kumi na mmoja. Nikahesabu tena, kumi na mmoja.

"Shikamoo mama," nikamwambia mkwe.

"Marahaba." Hakunitazama. "Baba Zuhura, mwanao alipiga mwayo."

"Ndiyo, mama."

"Nikaona."

Akainua mdomo wa juu wa mtoto kwa ncha ya kidole, na pale kwenye ufizi palikuwa na kitu cheupe, kidogo, kimesimama. Nikakitazama mara moja, nikafumba macho. Ndugu zangu, ni kitu pekee maishani mwangu nilichokihesabu mara moja tu.

Jina la mtoto anayeanza kuota meno ya juu mnalijua, kigego, na kwetu halitajwi kwenye nyumba yenye mtoto, maana husemwa anavuta misiba, na baba ndiye wa kwanza kuvutwa. Zamani hakulelewa na wazazi wake. Hakuna aliyelitaja. Mmoja aliondoka akisema kaacha chungu jikoni, mwingine nguo juani (wingu lenyewe halikuwapo), wakatoka hao, kila mmoja akipita mbali na mkeka, miguu mitupu, mitalawanda wakaiacha mlangoni. Na mimi nikajua moyoni kwamba ni vitonge vyangu. Nimemlisha kabla ya siku zake, na meno yamekuja kinyume kama nilivyoonywa. Nikanyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kulikozaa yote. Mkwe akaagiza fundi wa uganga, fundi akaagiza jogoo mweusi, kaniki na mchele, na kabla ya alasiri ua wangu ulikuwa umejaa watu waliosimama mbali mbali, hata wateja wangu, hata anayenidai. Ubani ukafuka. Jogoo kafungwa miguu, hakulia hata mara moja. Fundi, mzee mkavu mwenye sauti ya chini, akauliza, "Nani aliyetia kitu kinywani mwa mwana huyu?"

Nikamtazama jogoo.

"Nani?"

Aliyejibu ni Zuhura: akacheka, kicheko kirefu, akiitazama pembe ya ua ambako hakukuwa na mtu.

Fundi akasema kama hasemi aliyefanya, mwana atolewe mjini kabla ya jua kutua, apelekwe ng'ambo ya mto kwa watu wasio damu yake, na asirudi. Mkwe akainama kumchukua. Mwanaisha akamkumbatia, kanga imemwanguka kichwani na hana habari. "Mama, mkono wako na wangu, tutaona upi utakatika kwanza," akasema, na hakupaza sauti. Kisha akanigeukia mimi. "Baba Zuhura, sema neno."

"Mimi!" Nilipiga kelele mpaka jogoo akaruka. "Nilimpa wali! Vitonge vitatu! Wa nazi! Ulikuwa umebaki!"

Fundi akaniangalia kwa muda. Akamsogelea mtoto, akatia kidole, akakitoa. Jino lilikuwa limekaa kwenye ncha ya kidole chake. Akalinusa, akaninyooshea. "Wewe ndiwe mwenye duka. Kitu gani hiki?"

Nikakitazama mara ya pili.

"Mchele wa Mombo," nikasema.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniua. Mpaka sauti moja nyuma ikasema, "Nami nataka pishi mbili, lakini zisiwe na meno," ua mzima ukapasuka, na mpaka leo sokoni naitwa Bwana Jino. Nikamwomba fundi anirudishie jogoo. Akasema, "Nililipwa kutoa jino. Nimelitoa." Sijawahi kushindwa bei namna ile.

Zuhura alianza uji siku aliyokaa mwenyewe na kumnyang'anya mama yake kijiko, na yaliyotangulia ni meno mawili ya chini, nimeyahesabu. Nami nimeapa: sitii tena kitu kinywani mwa mtoto bila kumwuliza anayemnyonyesha, na mtu akiniuliza jambo la mtoto sikati katikati.

Ila lile neno langu ni hili. Jioni ile wale kumi na mmoja walirudi, wakavaa, wakaenda zao, na mlangoni ikabaki jozi moja ya mitalawanda, midogo, imechakaa kisigino. Nimeuliza nyumba zote, mara mbili. Mkwe hakuja na mitalawanda, na Mwanaisha hana. Zuhura sasa anatembea, na nikimtafuta adhuhuri namkuta amesimama mbele ya jozi ile, anacheka kile kicheko. Jana alikuwa ametia mguu mmoja. Kama ni yako, tafadhali njoo uichukue, sikudai kitu, hata pishi ya mchele nitakupa juu. Na kama si ya yeyote kati yenu, basi niambieni: niichome, niitupe, au niiache hapo mpaka mwenyewe aifuate?