Kila Boma Mbuzi Kumi

Baba yangu alikuwa akiulizwa ana ng'ombe wangapi, anajibu, "Iko." Ukizidi kumsumbua anaongeza, "Iko kidogo, mashallah," kisha anakuuliza wewe habari za mvua. Nilipokuwa darasa la tano mwalimu alitufundisha kwamba mali bila daftari huisha bila habari, nikakimbia na msemo huo hadi nyumbani nikamsomea. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. "Na ile iko kwa daftari," akasema, "inaisha kwa macho ya watu." Kwetu kiumbe chenye uhai hakihesabiwi. Ukikihesabu, umeyaonyesha mauti kwa kidole kilipo. Nililijua hilo kabla sijajua kuandika jina langu, na ndiyo maana sijisamehi.

Baadaye nikawa mtu wa hesabu. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, na kazi niliyopewa ilihusu mbu. Kuna mbu dume wanaozalishwa maabara, waliobadilishwa chembe za urithi, ili wakijamiiana na majike wa porini, watoto wa kike wanaotokea wafe kabla ya kuota mabawa. Dume hamuumi mtu, kwa hiyo yeye mwenyewe hana madhara. Ukifungulia madume wa kutosha, kwa muda wa kutosha, majike wanapungua mwaka hadi mwaka. Swali ni hili, wa kutosha ni wangapi, na hapo ndipo nilipoingia na kiherehere changu. Hakuna mbu hata mmoja aliyekuwa amefunguliwa kwetu Isiolo. Kila kitu kilikuwa kwenye kompyuta yangu, na watu wa utafiti walikuwa bado wanatafuta mahali pa kuanzia.

Nilitaka waanzie Burat, kwa sababu dada yangu mkubwa anaishi Burat, karibu na mfereji unaonywesha mashamba ya vitunguu. Mvua za mwaka uliotangulia, malaria ilimchukulia mtoto wake wa mwisho, msichana wa miaka mitatu. Neti ilikuwepo. Dawa nayo ilikuwepo, ila ilifika mtoto akiwa ameshaacha kulia. Baada ya mazishi shemeji alitaka familia ihamie kwao Kulamawe, kukavu, mbali na ule mfereji. Dada hakumjibu mumewe. Aliniuliza mimi niliyesoma.

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha mstari uliokuwa unashuka kutoka juu upande wa kushoto hadi chini kabisa upande wa kulia. "Hawa ndio mbu," nikamwambia. "Ngoja kidogo." Akangoja. Mumewe akaenda malishoni Kulamawe peke yake, na mvua zilizofuata zikamkuta dada pale pale, ana mimba ya miezi saba.

Mstari ule ulishuka vizuri kwa sababu ya hesabu ya mbuzi. Mbu wa huku kwetu hamuumi mtu tu. Anakunywa damu ya mbuzi na ya ng'ombe wanaolala karibu na nyumba, na kila mnyama aliye zizini ni chakula cha mayai yake. Wanyama wakiwa wengi, mbu wanazaliana zaidi, na madume wa kufungulia inabidi wawe wengi zaidi. Basi kabla ya kuuchora mstari ule nilikuwa nimepita boma kwa boma na fomu zangu.

"Mbuzi wangapi, mama?"

"Iko."

"Sawa, lakini ni ngapi?"

"Si nimekuambia iko."

"Sasa niandike ngapi?"

"Andika kumi."

Nikaandika kumi. Boma lililofuata, kumi. Lililofuata, kumi, na mwenye boma akaniongezea chai ili niondoke kwa amani. Binti wa mfugaji, nimelelewa kwenye mavi ya mbuzi, na nilizichukua zile kumi nikazipeleka kwenye kompyuta kwa furaha, nikisifu jinsi data yangu ilivyo safi. Elimu ilikuwa imenitia upumbavu ambao mtu asiyesoma hawezi kuupata.

Aliyeugundua ni profesa wangu aliyekuwa akinisimamia. Alinipigia simu Jumatatu, na jina la eneo la kufungulia mbu lilitakiwa kupelekwa Ijumaa. "Niambie," akasema, "hawa watu wako wote wako na mbuzi kumi?" Nikaikumbuka sauti ya baba. Nikakaa chini pale pale nilipokuwa, simu bado sikioni, na yeye anaita, "Halo? Uko?"

Siku tatu zilizofuata sitaki kuzirudia. Nilitembea kwenye matope, viatu mkononi, kuomba namba kwa watu ambao dini na mila na akili zao timamu ziliwaambia wasinipe. Niliwasihi, nikawakasirikia pia, na hasira ile ilikuwa yangu mwenyewe iliyokosa pa kwenda. Wengine walibadilisha kumi ikawa kumi na tano, kwa huruma tu.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja mzee, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa zizi lake jioni mbuzi wakiingia. Hakuhesabu. Aliwatazama wakipita, kisha akasema, "Ile nyeusi ya sikio imekatwa haijarudi." Nikamwomba, tafadhali, usinipe namba, nitajie tu walioingia. Alifikiri, akaona hakuna ubaya wa kumtaja mnyama wake. Akaanza: ile ya madoa, mama wa mapacha, ile ya pembe moja, ile mwizi wa unga. Mimi nikawa napiga alama moja moja kwenye karatasi iliyofichwa ndani ya leso. Alipomaliza, alama zilikuwa sitini na tatu. Kwenye fomu ya mwanzo nilikuwa nimemwandikia kumi.

Nikazunguka hivyo maboma yote, jioni na asubuhi. Boma la dada nililiacha la mwisho, kwa woga.

Dada alitaja mbuzi wake haraka, mikono juu ya tumbo. Kisha nikamwambia nahitaji na watu wanaolala nyumbani, maana fomu ile nayo sikuiamini tena. Akajitaja mwenyewe. Akamtaja mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu akataja jina la yule msichana. Kalamu yangu ilishapiga alama kabla masikio hayajasikia. Mbele yake sikuifuta. Nilipoketi kitandani kwake kuingiza namba kwenye kompyuta, ilibidi nimtoe, kwa sababu mbu hamnyonyi aliye kaburini. Kidole kilikataa mara mbili.

Dada alikuja akaketi kando yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuusoma ule mstari, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Ulianza juu kama kawaida, ukashuka, ukafika karibu na chini, nikasema kimoyomoyo, Mola, ushikilie hapo. Haukushika. Ukageuka.

"Hiyo inapanda," dada akasema.

Niliongeza madume mara mbili. Ukapanda. Nikaongeza mara tano, mara kumi, idadi ambayo hakuna maabara ingeweza kuizalisha, nikawa nabonyeza tu kama mtu anayetikisa mtungi mkavu. Dada alinishika mkono akauondoa kwenye kompyuta.

"Kwa hivyo wale mbu wenu hawaji."

"Hawaji. Watapelekwa kwingine."

"Ile siku nilikuuliza nihame ama nikae, ulikuwa unajua?"

"Nilidhani najua."

"Kudhani hata mimi nadhani," akasema, bila kupandisha sauti. "Nilikuuliza wewe juu nilijua wewe huwa unahesabu."

Ningependelea anipige. Nilimwambia tuondoke hata kesho, nitatafuta gari. Akanitazama vile unavyomtazama mtoto. Njia ya Kulamawe ilikuwa imekatika tangu wiki iliyopita, malori yenyewe yalikuwa yamezama kwenye tope, na yeye alikuwa hawezi kuketi mahali pamoja nusu saa bila maumivu ya kiuno. Nje, maji ya mfereji yalikuwa yamefurika hadi kwenye kizingiti cha jikoni.

"Nitazalia hapa," akasema. "Lakini baba yao utamwambia wewe. Mimi nilimkatalia juu yako."

Akabonyeza namba ya mumewe kwa mkono wake, akanipa simu. Shemeji alipokea mara moja, akaitikia salamu yangu kwa furaha, na kabla sijasema neno akaniuliza kama wale mbu wetu wameshapewa tarehe ya kuja.