Kiti Kilichomeza Hodi

Mimi mtu wa pwani niliyehamia Riruta, na kazi yangu ni kutafuta kwa nini kompyuta hazisikilizani. Kliniki moja ya Parklands iliniita. Mwenye kliniki alikuwa ameshatoa hukumu: mfumo unakwama kwa sababu ya mama wa mapokezi.

"Huyu mama yuko slow," aliniambia, mama mwenyewe akisikia. "Ijumaa anarudi kwao Kakamega. Wewe nithibitishie tu."

Nithibitishe! Yaani kesi imeshaamuliwa, ndipo shahidi anatafutwa. Nilikasirika, lakini nikameza mate. Bosi alipotoka kwenda kunywa chai, nikaanza kunasa kila paketi, yaani kila kipande cha data, inayotoka mapokezi kwenda kwenye seva.

Kompyuta zimetuzidi adabu, bwana. Moja hupiga hodi, ya pili huitikia karibu, ya kwanza hushukuru, ndipo mazungumzo yaanze. Paketi ikitumwa isijibiwe, hutumwa tena, na kila mara mtumaji hungoja zaidi kabla ya kurudia. Wakati ule bosi yuko kwenye chai, hodi zilijibiwa papo hapo, na mama akawa anaandikisha wagonjwa chapuchapu. Bosi akarudi, akaingia ofisini, na skrini yangu ikajaa marudio matupu.

"Umeona?" akaniita. "Nikiwepo tu, anazembea."

Seva aliiweka humo ofisini mwake, eti kitu cha bei lazima kilale karibu na mwenyewe. Nikaenda kunasa upande huo pia: paketi zilizotoka kwa mama hazikufika. Basi zinapotelea njiani. Nikaufuata waya chini ya zulia mpaka kwenye mguu wa kiti kipya cha ngozi, na bosi juu yake. Kumbe!

"Bosi, hebu simama."

"Nisimame kwa nini?"

"Simama tu, mzee."

Akasimama amenuna. Kutoka mapokezi mama akapaza sauti: "Imeenda! Haki imeenda!"

"Sasa keti."

"Yesu wangu, imekwama tena!"

Nikamsimamisha na kumketisha mpaka foleni nzima ikaelewa. Mgonjwa mmoja mwenye bandeji akalia, "Bosi, tunakuomba, usikae!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mama hakucheka. Alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili.

Ijumaa nilirudi kuweka waya mpya. Mkutano wa wafanyakazi ulifunguliwa kwa maombi, kisha bosi akatangaza kwamba tatizo limepatikana: kile kiti ni kibovu, na kinatolewa leo. Kumwomba mama radhi? Thubutu! Watu wakapiga makofi, na mama naye akapiga, maana kazi anaihitaji.

Kiti kikapitishwa mbele ya mapokezi. Mama akauliza polepole kama anaweza kukichukua yeye, kwa kuwa chake kimevunjika mgongo siku nyingi.

"Hicho?" bosi akashangaa. "Hapana, mama. Hicho ni kiti kizuri sana."