Makao Makuu ya Burundi

Sifael aliponiacha, wazee wa ukoo walimtaka ataje kosa langu, naye akataja jiografia.

Sikuwa nimetoka nje ya ndoa. Sikuwa mvivu, maana miaka miwili aliyokuwa chuo cha ualimu mimi nilikuwa Makanya kwenye machimbo ya jasi, navunja mawe na mtoto mgongoni, ili yeye asirudishwe nyumbani. Vumbi la jasi ni jeupe kama unga na huingia kwenye nyufa za vidole. Nyufa zangu hazijaziba mpaka leo. Aliporudi Chome na cheti chake alikaa nami miezi mitatu, kisha akaitisha kikao kwa baba yake mdogo, Mzee Tumainieli, akasema mwalimu hawezi kuishi na mtu asiyejua dunia ilivyo.

Wazee wakamtaka athibitishe. Akaniuliza maswali matatu, mimi nimekaa chini kwenye gunia, wao kwenye viti. Makao makuu ya Tanzania? Nikasema Dar es Salaam, kwa kuwa Rais alikuwa akiishi huko na kila mwenye shida na serikali alikwenda huko. Akasema ni Dodoma. Wazee wakacheka, ingawa najua wawili kati yao walijifunza hapo hapo pamoja nami. Ya Kenya? Nairobi. Hiyo nilipata, kwa hiyo aliipita haraka. Ya Burundi? Hiyo sikuijua.

"Bujumbura," akasema. "Mnaona wenyewe. Nikimweleza habari za dunia ni sawa na kuongea na figa la jikoni."

Mzee Tumainieli alicheka mpaka akajifuta macho. Niliomba nami nimwulize Sifael swali moja, nikaambiwa kikao kimefungwa. Huo ulikuwa mwaka 1997. Mwaka uliofuata alimwoa Irine, aliyemaliza kidato cha nne, na mimi nikashuka Makanya na mwanangu Wilbard.

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja: Sifael asimame mbele ya wazee wale wale, aulizwe, akose. Sikutaka augue wala afe. Nilimwombea afya njema kila Jumapili, asije akafa kabla.

Makanya nilifungua mgahawa kando ya barabara kuu. Nilipikia madereva wa malori miaka zaidi ya ishirini, na shule yangu ikawa hiyo. Dereva akiketi, kabla sijampakulia nilimwuliza anapeleka nini na atarudi na nini. Wa Kigali alipeleka jasi ya kiwanda cha saruji. Wa Kampala alipeleka bidhaa za bandarini Tanga akarudi na kahawa. Wa Juba alikwenda amejaza akarudi tupu, kwa sababu mali yao ni mafuta, na mafuta yao hupita kwenye bomba, hayapandi lori. Nassoro, dereva ambaye kabla ya njia yetu alifanya njia ya Zambia, alinieleza jinsi shaba inavyofungwa kwa minyororo isiyumbe. Nikaelewa kwamba nchi huijui kwa lori linaloingia, unaijua kwa linalotoka. Kusoma pia nilifundishwa na Nassoro, kwenye karatasi zake za mzigo, tukifuta mafuta ya samaki kwenye majina ya miji. Alikuwa na utani wake.

"Mama Wilbard, hizi mboga zimekwama mpaka gani? Nimeagiza tangu asubuhi."

Mwaka 2019 alikuja na habari. Warundi wamehamisha makao makuu, akasema, siku hizi ni Gitega, katikati ya nchi. Bujumbura imebaki na biashara na ziwa lake. Nilimwuliza mara tatu kama ana hakika. Akasema amepita huko kwa magurudumu yake. Nikamwongezea vipande viwili vya nyama na sikumwambia kwa nini.

Mama yangu alipofariki aliniachia shamba, nikarudi Chome, nikapanda tangawizi. Sifael alikuwa amestaafu. Kwenye ukuta wa shule alikuwa amechora ramani ya dunia kwa rangi, kila makao makuu na nyota yake, na watu walimwita wamsikie kwa kila jambo. Tukikutana njiani aliniita "mama" bila jina. Nilipita karibu na ukuta ule mara nyingi. Nyota ya Burundi ilikuwa Bujumbura. Nikangoja.

Mwaka jana kikundi chetu cha tangawizi kilipata mnunuzi wa Burundi. Mvua ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo ukaitishwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ili lori liweze kupanda. Desturi ya msaragambo ni kwamba wakati wa kupumzika kila aliyeshika jembe ana haki ya kuuliza, na hakuna wa kumfungia kikao. Sifael alikuja na viatu vyeusi na faili kwapani. Siku ile ile tulitakiwa kumchagua mtu wa kusafiri na mzigo na kuukabidhi, na kila mtu alijua atakuwa yeye.

Tulipokaa kula makande akasimama, akasoma barua ya mnunuzi. Mzigo utapokelewa kwenye ghala lao jipya, makao makuu ya nchi. Akaeleza kwamba tutapeleka Bujumbura, mji wa bandari ya Ziwa Tanganyika, anaufahamu kama jikoni kwake. Irine, ambaye ni katibu wetu, akaandika Bujumbura.

Nikasimama na jembe langu.

"Mwalimu, niulize kidogo."

"Uliza, mama."

"Makao makuu ya Burundi ni wapi?"

Waliokumbuka waliacha kutafuna. Mzee Tumainieli, ambaye sasa hutembea kwa fimbo mbili, aliinua kichwa.

Sifael akatabasamu. "Mama Wilbard, hilo nilikufundisha mwenyewe. Umesahau tena?"

"Nimesahau. Nikumbushe mbele ya wazee."

"Bujumbura."

"Rudia, mzee hasikii vizuri."

"Bujumbura," akasema kwa sauti ya darasani.

"Irine, una simu. Hebu angalia."

Kwetu mtandao huja na kuondoka. Irine alipanda juu ya kifusi, akainua simu, akangoja. Sijawahi kula kitu kitamu kama kungoja kule. Akasoma, akasoma tena, akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Angeweza kusema mtandao umekataa.

"Ni Gitega," akasema. "Tangu mwaka 2019."

Sifael akaanza kusema mambo ya vitabu na mabadiliko. Sikumpa nafasi. Niliwaeleza wenzangu kwamba lori likienda hadi ziwani litalazimika kupanda milima kurudi katikati ya nchi, na tangawizi mbichi ikikaa siku za ziada kwenye magunia itaota ukungu. Mtu wa nyuma akauliza mwalimu amewadanganya watoto wetu miaka mingapi. Watu wakacheka. Kweli ni kwamba mwaka ule wa 1997 Sifael alikuwa sahihi. Hilo sikulisema.

Mzee Tumainieli alicheka kuliko wote, akajifuta macho vile vile. Kisha akauliza mtu ambaye hakushika jembe amepataje kusimama na kutusomea. "Mpeni jembe," akasema.

Nikampa langu. Irine akakata neno Bujumbura, akaandika Gitega, na chini yake akaandika jina langu.

Sisi tuliendelea kula. Sifael alichimba peke yake kutoka kwenye jiwe kubwa hadi kwenye mfereji, viatu vikijaa udongo. Nilikaa nikamwangalia mpaka jua likaenda nyuma ya mlima Shengena. Alisimama mara moja akanitazama, kama anayengoja niseme imetosha. Nilinyanyua bakuli langu nikanywa mchuzi.

Wiki iliyofuata nilishuka na mzigo kwenye lori la Nassoro. Tulipovuka mahali pale gari liliyumba vibaya, akaniuliza kipande hiki kibovu kimechimbwa na nani.

"Mwalimu wa jiografia," nikasema. "Simamisha kidogo, nipaangalie."