Mtunzi Aliyewafuata Waimbaji Wake Manzese

Wiki iliyopita tulimzika Mbagala jirani yangu wa zamani, mama aliyetunga muziki wa klasiki maisha yake yote. Wengi wenu hamkuwahi kumsikia, wala sishangai. Hakutunga nyimbo fupi za kuchezwa harusini. Alitunga kazi ndefu za kwaya, sauti nne zikipishana na kukutana, na kila nota aliiandika kwa mkono kwenye meza ya kulia chakula, watoto wakishakwenda shule.

Viwanda vilipoanza kufungwa, yeye alikuwa mwalimu wa kwaya ya kiwanda kimoja cha nguo Temeke. Alikuwa amewatungia wafumaji wale kazi kubwa kuhusu maisha yao wenyewe. Kabla hawajaiimba mbele ya watu, kiwanda kikafungwa, ukumbi ukatiwa kufuli, waimbaji wakatawanyika kutafuta riziki. Nilikwenda kumpa pole kama mtu aliyefiwa.

“Pole ya nini?” akaniuliza. “Wamefunga kiwanda, hawajafunga makoo ya watu.”

Asubuhi moja nikamsindikiza Manzese, ambako mwimbaji wake wa besi alikuwa akiuza mitumba. Tulimkuta amesimama juu ya robota la nguo, ananadi mashati.

“Shikamoo, mama!”

“Marahaba, mwanangu. Ile sehemu ya pili unaikumbuka?”

“Mama, mie siku hizi naimba bei tu.”

“Basi koo limeshapata moto. Shuka.”

Akashuka. Akaimba huku wateja wanachambua mashati, mama akimpigia mapigo kwa kiganja mezani na kumrudisha kila alipoteleza. Mteja mmoja akauliza kama ile ni dini mpya. “Ni kazi,” mama akamjibu, bila kusimamisha mkono. Hivyo ndivyo alivyowapitia wote, mmoja kibandani kwake Manzese, mwingine kwenye cherehani yake Kiwalani, akiwafundisha upya mmoja mmoja.

Kisha akajitokeza mfadhili, tayari kulipia ukumbi mzuri mjini, ila kazi ifupishwe na katikati iwekwe ngoma, wageni wachangamke. “Ngoma naipenda, nitaitungia kazi yake,” alimwambia. “Hii nimeshaimaliza.” Hakuwa na ukumbi mwingine. Nilirudi nyumbani nikiamini ameharibu kila kitu.

Waliimba Jumapili mchana katika darasa la shule ya msingi, Temeke, madawati yamesukumwa ukutani na watu wamejaa hadi madirishani. Ilipokwisha, hakuna aliyepiga makofi. Bibi mmoja, mfumaji wa zamani, alikuwa anafuta machozi kwa upande wa khanga. “Anzeni tena,” akasema. Wakaanza tena, tangu mwanzo.

Mji wetu siku hizi umejaa watu wanaongoja: huyu mwekezaji, yule mfadhili. Marehemu alinionyesha kwamba mtu akishaikamilisha kazi yake, huinuka akawatafuta watu wake huko huko waliko. Kwa hiyo vijana wasanii wanaponijia wakilalamika kwamba hawana wa kuwasaidia, nawasikiliza mpaka mwisho, kisha nawauliza swali moja tu: kazi yenyewe umeimaliza?