Mfumaji wa Viti vya Ngokolo

Mzee Bujiku hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na ng'ombe wa kutosha, na palipo na ng'ombe pana ngozi, na ngozi isiyo na wa kuikata huishia kuliwa na mbwa. Basi akamfundisha binti yake, Bernadina, kazi ambayo kwa Wasukuma wa upande ule ilikuwa ya wanaume: kuloweka ngozi mbichi katika maji ya majivu, kuipara manyoya, kisha kuikata ingali na unyevu, kisu kikizunguka kutoka ukingoni kwenda katikati, mpaka ngozi nzima iwe ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Majirani walicheka. Mama yake alinung'unika kwamba msichana anayenuka ngozi atazeekea kwao.

Hakuzeekea kwao. Aliolewa na Gregory Maige, seremala aliyejifunza kazi misheni, mtu mrefu, mpole, mwenye mkono mzuri wa randa. Gregory alikuwa na udhaifu mmoja ambao Bernadina aliugundua mapema: aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa njaa. Akipita mahali watu wakacheka, hata kama walicheka mambo yao, alijitazama suruali.

Walihamia Ngokolo, mjini Shinyanga, mwaka ambao vita vya Wazungu vilikwisha. Gregory akajenga kibanda cha kazi mbele ya nyumba, na nyuma wakapanda ua wa minyaa. Mtoto wao wa kwanza, Limi, alikua vizuri. Mimba mbili zilizofuata ziliharibika, na ya pili ilimwacha Bernadina na mgongo uliokataa kila kitu. Mkeka ulimuumiza. Kigoda, ile isumbi ya kwao ya miguu mitatu, kilimuumiza zaidi. Viti vya mumewe ndivyo visivyokalika kabisa. Vilikuwa viti vya mtindo wa misheni, mbao tupu, egemeo limesimama wima, kama vya watu wanaongoja hukumu.

Siku moja, akiwa hajiwezi, aliona fremu ya kiti kibandani ikisubiri mbao za kikalio. Akamwambia mumewe, "Baba Limi, punguza miguu ya nyuma. Egemeo lilale kidogo, kama mtu anayetazama mvua."

Gregory alifanya hivyo ili kumridhisha mgonjwa. Akamletea na ngozi aliyoiomba. Bernadina alifuma akiwa amelala ubavu, akipumzika kila baada ya mistari michache, akipitisha ukanda juu na chini na kukutanisha mistari kwa mshazari, mpaka katikati ya kikalio pakatokea umbo kama jicho. Kiti kikawekwa kivulini. Ukanda ulipokauka, ukajivuta wenyewe, ukakaza, lakini ukabaki na ulaini wa kumpokea mtu.

Bernadina alikaa, akaegemea. Kwa mara ya kwanza tangu masika alipumua bila kushika kiuno. Kisha akanyanyuka ili Gregory naye ajaribu. Gregory alikaa, akapapasa mikono ya kiti.

"Mama Limi," alisema hatimaye, "hiki si kiti changu."

"Ni chetu," alijibu Bernadina.

Miaka iliyofuata ndiyo aliyokuja kuikumbuka Bernadina kwa utamu. Mgongo ulipata nafuu. Asubuhi Gregory alichonga miguu ya mninga, na yeye akiwa mlango wa nyuma alifuma, na mambo mengi ya kiti yaliamuliwa kwa kuitana kupitia ukuta. Mkono uwe mpana kiasi gani, ili bakuli lisimame. Miguu itanuke wapi, ili kiti kisizame katika udongo mweusi wa mbugani. Viti vikaanza kujulikana. Watu wa Mwadui, kule kwenye almasi, waliviagiza kwa ajili ya baraza zao, na mjini vikaitwa viti vya Ngokolo. Wateja waliongea na Gregory, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele. Bernadina hakuona ubaya.

Ndipo yakaja maonyesho ya kilimo na ufundi. Wakulima walileta pamba na mafahali. Mafundi wakapewa banda lao. Kulikuwa na makabati ya mafundi wa Kihindi kutoka Mwanza, vitanda vyenye nakshi, taa za bati zilizokatwa maua. Gregory aliweka kiti kimoja tu. Bernadina alikuwa amesimama nyuma kidogo, amemshika Limi mkono, amevaa kitenge alichokihifadhi tangu Noeli.

Majaji walipita makabati wakakiendea kile kiti kama watu waliochoka. Mkubwa wao, Mzungu mwenye nywele nyeupe, alikaa, akacheka peke yake kwa raha, akainama kutazama chini ya kikalio. Aliuliza jambo. Mkalimani akauliza kwa Kiswahili: mbao ni kazi ya seremala, hilo linaonekana; je, kikalio hiki kimefumwa na nani?

Gregory alifungua mdomo. Bernadina aliona kabisa kwamba alikuwa anageuka kumtafuta kwa macho. Lakini pembeni alisimama Jilala, seremala mwenzake wa mjini, mtu wa utani, naye akasema, "Labda kafumiwa na mkewe." Wanaume waliozunguka wakaangua kicheko, kwa kuwa mwanamke wa kukata ngozi lilikuwa jambo la kuchekesha.

Shingo ya Gregory ilirudi mbele. "Nimefuma mwenyewe, bwana," alisema.

Wakakifungia kiti utepe mwekundu. Wakampiga picha amesimama kando yake. Bernadina alimpeleka Limi kutazama mafahali.

Njiani kurudi nyumbani Gregory alibeba kiti kichwani, na utepe ulikuwa ukimpigapiga sikioni. Walipokaribia Ngokolo alisema, bila kumtazama mkewe, "Wangenicheka."

"Najua," alisema Bernadina.

Ndiyo yote yaliyosemwa. Hakugomba, hakununa. Alipika, akapakua, akamkaribisha mumewe maji ya kunawa kama kawaida. Lakini tangu siku ile Gregory alimwomba afumie nyuma ya ua, ndani ya minyaa, wapita njia wasimwone, naye akahamia huko. Wakaacha kuitana ukutani. Akitaka kumwambia mumewe kwamba mguu umepinda, alimtuma Limi.

Mwaka uliofuata ikaja habari kwamba safari hii mafundi hawataleta vitu vilivyokwisha tu. Kila mmoja atafanya kazi yake mbele ya watu. Gregory alizunguka na habari hiyo kifuani siku kadhaa, akipoteza nyundo, akimwita Limi kwa jina la shangazi yake. Mwishowe alikwenda nyuma ya ua, akachuchumaa mbele ya mkewe.

"Nifundishe," alisema.

Bernadina alimfundisha. Hakuna awezaye kusema kwamba alimfundisha vibaya. Kiangazi chote walikaa pamoja ndani ya minyaa, goti kwa goti, na mara mojamoja walicheka ukanda ulipowazonga kama mbuzi waliofungwa kamba moja. Lakini mikono ya Gregory ilizoea mbao, na mbao hulazimishwa. Kila alipofuma alivuta kwa nguvu zake zote.

"Usivute," Bernadina alimwambia tena na tena. "Iache imelegea. Itajivuta yenyewe ikikauka."

Akielewa leo, kesho mikono ilisahau.

Siku ya maonyesho ilipambazuka na jua kali lenye upepo mkavu. Gregory aliketi juu ya mkeka na fremu mapajani, ndoo ya ukanda uliolowekwa kando yake, na watu wakamzunguka. Bernadina alikuwa miongoni mwao, mstari wa kwanza. Mumewe alianza vizuri. Kisha watu wakaongezeka, Jilala naye akaja kutazama, na Bernadina akaiona ile mikono ikianza kuogopa. Ilivuta. Mstari baada ya mstari, ilivuta mpaka ukanda mbichi ukalia kama uzi wa zeze.

Alijua kitakachotokea. Ngozi iliyokazwa hivyo, tena juani, ikikauka haitakuwa na pa kwenda. Itaivuta fremu yenyewe. Ulikuwepo muda wa kusema. Angeweza kusogea kama mke anayemletea mumewe maji na kumnong'oneza neno moja. Katikati ya kazi Gregory aliinua macho akamtazama, na yale macho yalikuwa yanauliza. Bernadina aliinama, akaanza kumfunga Limi kilemba ambacho hakikuwa kimefunguka.

Gregory alimaliza. Watu walipiga makofi, kiti kikawekwa mezani nje ya banda kusubiri majaji. Mchana ulipopinda, majaji wakiwa wamesimama mbele yake, mguu mmoja ulijiinua polepole kutoka mezani. Kisha kiungo cha nyuma kikapasuka kwa mlio uliosikika hadi zizi la mafahali, na kiti kikalala upande.

Kicheko kilikuwa kikubwa, cha watu wa sherehe, kisicho na chuki. Jilala peke yake hakucheka. Alivua kofia yake akaitazama ndani. Yule Mzungu alisema neno la upole akapita. Gregory alipiga magoti akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akavifuta kila kimoja kabla ya kukitia mfukoni.

Jioni, Limi alipokwisha kula, Gregory aliuliza, "Uliona?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi," alisema Bernadina.

Gregory aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa habari aliyokwisha kuisikia kwingine. Bernadina alingoja amtukane, hata ampige, ingawa hakuwahi kumpiga. Ingekuwa afadhali. Gregory alisogeza taa mbali na chandarua, akasema usiku mwema.

Mvua za kwanza zilipokatika alifunga patasi zake katika gunia. Machimbo ya dhahabu upande wa Geita yalitaka mafundi mbao wa kushikilia mashimo yasiporomoke, alisema, na huko hakuna anayeulizia kiti. Aliahidi kurudi Pasaka. Bernadina alimkaangia karanga za njiani. Walipoagana barabarani Bernadina alitaka kusema jambo, akalitafuta, lori likafika kwanza.

Pasaka ikapita. Zilikuja salamu kwa mdomo wa wasafiri, na mara moja furushi la samaki wakavu wa ziwani. Bernadina alisema moyoni kwamba akija atamwambia: Nilikuona ukivuta, nikanyamaza, na nilipenda kunyamaza, na sasa sipendi. Aliyafanyia mazoezi maneno hayo akitwanga.

Aliyekuja alikuwa mtu mwingine, Pantaleo, Mzinza wa makamo aliyefanya kazi na Gregory ya kukata miti katika misitu ya Buseresere. Alikataa kukaa kabla ya kusema kilichomleta. Kichomi kilimpata Gregory wakiwa porini wakati wa masika. Walimbeba kwa machela kuelekea zahanati, hakufika. Wamemzika vizuri, padri alikuwapo.

Majirani walijaa, wakalia kama inavyopasa. Bernadina hakulia. Watu walisema ameshtuka. Siku ya tatu, matanga yalipopungua, Pantaleo alikuja kuaga, naye Bernadina akamwuliza kama mumewe alitengeneza viti kule.

"Hata kimoja, mama. Tulimwomba, akasema hawezi, hana mfumaji." Pantaleo alisita. "Mfumaji si ndiye wewe? Alisema vile viti ni akili ya mke wake. Mbao tu ndizo zake."

"Alikuambia wewe?"

"Alimwambia kila mtu. Kila anayefika kambini. Mpaka tukachoka."

Bernadina alishika nguzo ya kibanda. "Hawakumcheka?"

"Mwanzoni walimcheka sana. Mwanamume kufunikwa na mkewe! Walimpa na jina."

"Naye?"

"Alicheka nao," alisema Pantaleo.

Hapo ndipo Bernadina alipolia. Alilia mpaka akakaa chini katika maranda ya mbao, na Limi akaja akasimama kando yake bila kujua amshike wapi, na Pantaleo, aliyedhani amekosea kusema, akabaki amekunja kofia mikononi mpaka jua likahama upande wa pili wa kibanda.

Mwaka mmoja baadaye alisafiri na Limi mpaka Buseresere, akaoneshwa kaburi, akalipalilia. Yale maneno aliyoyafanyia mazoezi aliyasema, kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida. Hayakumpunguzia kitu. Alikuwa ameyatayarisha kwa mtu wa kujibu.

Jilala ndiye aliyekuja kwanza kuomba wafanye kazi pamoja. Alimwamkia kwa heshima, akasema ule utani wake wa siku ile humwamsha usingizini. Bernadina alimwambia alete fremu. Tangu hapo alifumia mbele ya nyumba, barabarani, na ule ua wa minyaa akauacha uote ovyo. Watoto wa shule walisimama kumtazama, wanaume pia; baada ya muda wakazoea, hakuna aliyecheka. Mara nyingine, akifika pale mistari inapokutana, alifungua mdomo kumwita mtu upande wa pili wa ukuta.

Watu wa maonyesho walimtumia ujumbe mara mbili, wakimtaka aje afume mbele ya umati, jina lake likiwa limeandikwa juu ya banda. Mara ya kwanza hakujibu. Mara ya pili alimshukuru mjumbe, akampa maji ya kunywa, akasema asingeweza kuja. Ana viazi vya michembe vya kuanika.