Wapangaji wa Profesa

Nyumbani walimwita Dokta Konokono, ingawa udokta wenyewe ulikuwa bado umekwama mezani kwa Profesa, msimamizi wake. Shangazi yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi, hakumwacha apumue.

"Mwaka wa tatu unahesabu konokono. Kwani wanakukimbia, mwanangu?"

"Wangekimbia ningefurahi, shangazi. Wanakwisha."

Kasheshe ilianzia hapo. Ripoti ya Profesa, ile iliyompa ofisi yenye kiyoyozi, ilisema mwambani kuna konokono wa bahari mia nne na kumi na wawili, wazima wa afya. Kwa hesabu hiyo kamati ya hifadhi ilikuwa tayari kuwaondoa kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa, wavunaji waingie na magunia. Dokta Konokono alipiga magoti kwenye mwamba ule ule, maji yakiwa yamekupwa, akageuza kombe, yaani gamba la konokono, moja moja. Alikuta konokono thelathini na mmoja tu. Makombe mengine yote yalikuwa na kaa, wale wanaohamia nyumba ya marehemu bila hata kutoa pole. Profesa alikuwa amehesabu kila kombe linalotembea, tena akiwa amesimama mahali ambapo suruali haikuweza kulowa.

Siku ya kutetea utafiti wake, aliweka mbele ya jopo la watahini beseni la maji lenye makombe kadhaa.

"Hilo kombe linatembea," Profesa alisema. "Mfu hatembei."

"Anayetembea ni mpangaji, Mwalimu. Mwenye nyumba alishakufa. Hesabu miguu."

Mtahini mgeni akainamia beseni, akahesabu, kisha akakohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Profesa hakutazama. Alimsukumia fomu: abadilishe jedwali la nne, lile la hesabu ya konokono, la sivyo asahau shahada.

"Binti, usijiharibie maisha. Ni tarakimu tu."

"Kama ni tarakimu tu, badilisha za kwako."

Akawarudisha kaa baharini, na kesho yake akaipeleka tasnifu kwenye kamati bila sahihi ya mtu. Baada ya wiki mbili karani wa kamati akamwita.

"Orodha haiguswi mpaka hesabu irudiwe," alisema. "Ila nahitaji cheo chako hapa. Niandike Daktari?"

"Profesa ameukalia udaktari."

"Sasa niandike nani, dada? Mwanafunzi?"

"Andika mwanafunzi. Na chini yake andika thelathini na mmoja, kwa wino."